Funga, yoga na zamu ya usiku: niliyojifunza wodi ya wazazi

Wakunga tunaumwa migongo. Kaa kwenye chumba cha chai cha wodi ya wazazi yoyote hapa Dar es Salaam. Kabla mazungumzo hayajafika kwenye mshahara au ada za watoto, mgongo utakuwa umeshatajwa. Chanzo kinajulikana. Ukitaka kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto kwa fetoskopu, ile pembe ndogo ya kusikilizia, unainama mpaka sikio ligandame, mkono mmoja umeshika kifundo cha mkono wa mama ili usichanganye mapigo yake na ya mwanawe, macho kwenye saa ya ukutani, unahesabu dakika nzima. Mama ambaye uchungu umeshachanganya anatakiwa asikilizwe hivyo kila nusu saa. Akianza kusukuma, kila dakika tano. Usiku mkiwa wawili na vitanda vimejaa, ni kuinama na kuinuka mpaka alfajiri.

Nimekuwa mkunga katika hospitali za serikali kwa miaka mingi, na naamini tunautaja mgongo kwa sababu ndio unaotajika. Kuna uchovu mwingine ambao watu hawausemi. Unamwona mwenzako, aliyekuwa akiwaimbia kina mama leba, anaanza kuwajibu kwa mkato. Kazi yake haina kasoro, partografu, ile chati ya mwenendo wa uchungu, inajazwa, sindano zinachomwa kwa wakati, ila mwenyewe hayupo. Nyumbani mwanawe humwita mara mbili, tatu, haitiki. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa namna hii katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Halikuuita ugonjwa. Lilisema ni hali itokanayo na msongo wa kazini wa muda mrefu ambao haukushughulikiwa: nguvu zinaisha, mtu anajitenga na kazi yake au anaitazama kwa kinyongo, na anajiona hana tena ufanisi. Niliposoma maelezo hayo nilizikumbuka sura za watu ninaowafahamu. Na yangu ilikuwemo.

Nayaandika haya nikiwa naipenda kazi hii na najua ilichozaa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya kina mama vitokanavyo na uzazi nchini kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa mwaka 2022 ulipata 104. Nyuma ya tofauti hiyo kuna vituo vipya vya upasuaji, magari ya wagonjwa, damu salama na dawa, na kuna watu waliosimama kando ya vitanda usiku kucha. Watu hao wanastahili kuulizwa wanalalaje.

Yoga iliingia maishani mwangu kupitia mgongo. Hapa Dar si kitu kigeni. Wagujarati wako kwenye pwani hii kwa vizazi na vizazi, wapo wanaofanya mazoezi haya asubuhi majumbani mwao Upanga na Kisutu, na kituo cha utamaduni cha India kinachoitwa kwa jina la Swami Vivekananda kimekuwa kikifundisha. Wengi wetu tulikuwa tunapita tu barabarani. Mimi nilielekezwa na daktari wa mifupa kwa mama mmoja wa Kigujarati, mtaalamu mstaafu wa tiba ya viungo, mzaliwa wa Tanga, mwenye Kiswahili kinachoshinda changu. Sote tuliokwenda kwake tulimwita Ba, kama wanavyomwita wajukuu zake.

Nilitarajia anikunje kama zile picha za kwenye simu. Badala yake aliniuliza kazi yangu ni nini hasa, mikono inafanya nini, miguu inakaa wapi. Kisha akapanda kitandani mwake, akalala chali, akaweka mto tumboni juu ya sari.

"Haya, mkunga. Mimi mzazi wako. Nisikilize mtoto."

Sikuwa na fetoskopu, nikakunja gazeti. Nikainama kama ninavyoinama kila siku. Alinyoosha mkono, akaniwekea kiganja mgongoni, chini kidogo ya mbavu, akakiacha hapo.

"Unavunjia kiuno, mwanangu. Vunjia kwenye nyonga. Magoti yalegee. Makalio yarudi nyuma. Mgongo utakuja wenyewe."

Nikajaribu. Kweli uzito ulihama, ukashuka mapajani. Nikaanza kuhesabu dakika yangu, na kiganja chake bado kiko pale pale.

"Na pumzi unaibania nini?"

Hilo lilinisimamisha. Nilikuwa nimebana pumzi tangu nilipoinama. Zamu iliyofuata nilijichunguza: kila ninaposikiliza mapigo, ninabana. Kila ninapovuta kondo la nyuma, ninabana. Nikimtafuta mtoto mshipa wa kuweka kanula, ule mrija mdogo wa kupitishia dawa, ninabana. Nikawatazama wenzangu, nao ni hivyo hivyo. Usiku mzima tunawaambia kina mama, "Pumua, mama, pumua, usibane," na sisi tunaosema ndio tuliobana. Jambo hilo lilinigusa kuliko mkao wowote alionifundisha baadaye, na bado ndilo la kwanza ninalomwambia mkunga mgeni akija wodini.

Mambo ya pumzi si maneno ya kufariji watu. Mhudumu wa afya anaweza kuyahakikisha mwenyewe kwa vidole viwili. Shika mapigo kwenye kifundo cha mkono wako, kaa kimya, vuta pumzi taratibu, kisha itoe taratibu zaidi. Ukivuta, mapigo yanaharakisha. Ukitoa, yanapungua kasi. Kwa vijana inasikika wazi kabisa. Ni kazi ya neva ya vegasi, inayotoka kwenye ubongo mpaka kifuani na tumboni. Ndiyo inayouambia moyo utulie, na inafanya kazi zaidi pale pumzi inapotoka. Kwa hiyo pumzi inayotoka ikiwa ndefu kuliko inayoingia, unaupa moyo muda mrefu zaidi wa kutulia. Ba alinifundisha kuvuta kwa hesabu ya nne na kutoa kwa hesabu ya sita, mfululizo, ambayo ni kama pumzi sita kwa dakika. Kwa siku za kawaida hakuna siri nyingine. Hakutaka nizuie pumzi katikati, na wagonjwa wake wenye presha aliwakataza kabisa.

Mikao aliyonipa ni michache. Kupiga magoti na viganja chini, mgongo ukipanda kama wa paka na kushuka. Kukaa juu ya visigino na kuinama mbele mpaka paji la uso liguse mkeka. Na ule ninaoupenda kuliko yote: kulala chali, makalio karibu na ukuta, miguu imeegemea ukutani juu. Miguu iliyosimama tangu saa mbili usiku mpaka saa mbili asubuhi inakuwa imejaa, soksi zimeacha alama. Ikikaa ukutani robo saa, unaisikia ikirudi kuwa miguu yako. Mwenye presha ya macho aulize kwanza kwa daktari kabla ya mkao wowote wa kuweka kichwa chini ya kiwiliwili, na mjamzito asilale chali muda mrefu. Mkunga hahitaji kuambiwa kwa nini.

Mimi ni Mwislamu, na swali ambalo wenzangu waliniuliza kabla ya yote lilikuwa la dini. Ni swali la haki na halijibiwi kwa kubezwa. Novemba 2008 baraza la taifa la fatwa la Malaysia lilitoa uamuzi kwamba yoga inayochanganya mazoezi ya mwili na imani ya Kihindu na kuimba mantra, maneno ya ibada yanayorudiwarudiwa, haifai kwa Mwislamu. Novemba 2017 Saudia iliruhusu yoga ifundishwe kama shughuli ya michezo, baada ya miaka ya jitihada za mwanamke wa huko, Nouf Marwaai, ambaye mwaka 2018 India ilimtunuku nishani ya Padma Shri. Nikiyaweka maamuzi hayo mawili pamoja sioni kama yanapigana. La kwanza linatazama ibada iliyomo ndani, la pili linatazama mwili. Nilimwendea ustadhi wetu wa mtaani, nikamweleza kila ninachofanya na ninachoacha, akaniambia nichukue mazoezi na niache yasiyo yangu. Basi mimi sisemi mantra, na ule mfululizo wa kulisalimu jua siufanyi. Ba hakuchukia. Kwake yoga ni dini na maisha, na mikao ni sehemu moja tu kati ya nane alizozieleza Patanjali, mwalimu wa kale wa yoga wa India. Aliniambia nichukue ninachoweza kubeba bila kujidanganya. Msala wangu siutumii kwa mazoezi. Nina mkeka wa ukindu na kanga mbili kuukuu, zinatosha.

Kuhusu funga, hapo hakuna aliyekuja kunifundisha upya. Nimefunga tangu utotoni, nikianza na zile za nusu siku. Hata hivyo, kufunga ukiwa wodini ni somo jingine, na yoga ndiyo iliyonifungua macho nilisome, kwa sababu ilinizoesha kuusikiliza mwili kabla haujapiga kelele.

Sisi wa karibu na ikweta tumepewa nafuu. Ramadhani iangukie mwezi wowote, funga yetu ni saa 13 na ushee. Wenzetu waliokwenda kufanya kazi Uingereza, miaka ile Ramadhani ilipoangukia Juni walifunga saa 18 na zaidi, na zamu zao hazikupunguzwa. Kwa hiyo ninaposema funga inawezekana wodini sijisifu kwa ushujaa.

Kinachotutesa huku siku za mwanzo mara nyingi si njaa. Ni chai. Wahudumu wa afya tunaishi kwa chai ya rangi na kahawa, na mtu aliyezoea vikombe vyake akikatiza ghafla, kichwa huanza kumgonga saa 12 hadi 24 tangu kikombe cha mwisho. Ndiyo maana siku ya kwanza na ya pili ya mfungo unawaona watu wameshika vichwa wakidhani ni njaa au kiu. Na tunavyoingia Ramadhani kwa vunja jungu, mtu anakula na kunywa kwa pupa siku ambazo ilimpasa apunguze! Tangu nilipolijua hili, wiki ya mwisho ya Shaaban napunguza kikombe kimoja kila baada ya siku chache, na funga za Jumatatu na Alhamisi nazitumia kuupima mwili. Kichwa hakinisumbui tena.

Daku ya mhudumu inataka akili. Ukila wali mweupe na chai yenye sukari nyingi, saa nne asubuhi umekwisha. Mimi hula uji wa mtama au ulezi, maharage, yai, ndizi, na maji ninayokunywa kidogo kidogo tangu futari badala ya kuyamimina tumboni dakika ya mwisho. Futari nako, najua ladha ya bajia, sambusa na katlesi zikitoka jikoni, na sitamkataza mtu. Lakini mwenye zamu ya usiku akijaza tumbo la mafuta saa moja jioni, ikifika saa sita macho yanafunga yenyewe. Tende, maji, uji wenye pilipili manga, nisali magharibi, ndipo nile mihogo ya nazi au viazi vitamu na samaki kwa kiasi. Zamu za usiku zimenionyesha tofauti.

Na usiku wenyewe, hata nje ya Ramadhani, una sheria zake. Mwili una saa. Wanasayansi watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipata Tuzo ya Nobel ya mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe hai. Usiku kongosho na ini vimepunguza kasi. Sahani ya ugali ya saa nane usiku inapandisha sukari ya damu kuliko sahani ile ile ya mchana. Utafiti uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2021 uliwaweka watu 19 wenye afya katika zamu za usiku za kuigiza kwa siku 14. Waliokula usiku na mchana, wastani wa sukari ulipanda kwa asilimia 6.4, waliokula mchana tu, haukupanda. Ni watu wachache na ni maabara, lakini ukiwa na wenzako watatu wodini wanaomeza metformini, dawa ya kisukari, unasikiliza. Mimi sasa nikiwa zamu ya usiku siku za kawaida nakula kabla ya kutoka nyumbani, nabeba karanga chache, yai na chupa ya maji, na chakula kizito nasubiri kuche.

Ba naye hufunga. Kila Ekadashi, siku ya 11 ya mwezi unaokua na ya 11 ya mwezi unaopungua, hali nafaka. Nikimkuta siku hiyo ananipa chengachenga za sabudana, punje za wanga wa muhogo, alizopika na viazi na karanga, na tunakaa barazani tunazungumza habari za Tanga ya zamani. Wodini nako mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Ghafla chumba cha chai kikawa kimya. Waislamu tumefunga, Wakatoliki na Walutheri wako kwenye Kwaresima, yupo aliyeacha nyama, yupo aliyeacha soda, yupo aliyekuwa anakula mlo mmoja. Tulizungumza mwezi ule kuliko miaka yote tuliyokunywa chai pamoja. Tukaulizana: wewe saa ngapi unajisikia vibaya? Nani asipewe kazi ya kusimama chumba cha upasuaji saa kumi jioni?

Mazungumzo hayo yalizaa utaratibu ambao naujali kuliko kitu chochote kwenye makala hii. Saa ya mwisho kabla ya magharibi, hakuna anayekokotoa dozi peke yake. Chukua mama mwenye kifafa cha mimba: magnesiamu salfeti gramu 4 kwenye mshipa, polepole, kisha gramu 10 kwenye misuli, 5 kila tako. Hesabu zake ni rahisi ukiwa umekula na umelala. Ukiwa na kiu ya siku nzima na ndugu wanalia mlangoni, chupa zina ujazo tofauti, mtu mzima mwenye uzoefu anaweza kukosea kugawanya. Basi mmoja anakokotoa, mwingine anakokotoa upya bila kuangalia jibu la mwenzake, ndipo dawa inavutwa. Aliyefunga haoni aibu kumwita aliyekula, na aliyekula halalamiki. Utaratibu huo umebaki hata baada ya Idi.

Kuna wasiopaswa kufunga, na sisi tunaowakataza wagonjwa ndio wagumu kujikataza. Mwenye vidonda vya tumbo vilivyo moto, mwenye kisukari anayejidunga insulini, mjamzito anayetapika, mama anayenyonyesha ambaye maziwa yanapungua. Kurani yenyewe, Sura ya pili, aya ya 184 na 185, imewapa mgonjwa na msafiri ruhusa ya kulipa siku nyingine. Mwenzetu mmoja mwenye kisukari alitaka kufunga na daktari wake akamruhusu kwa masharti. Tulimpimia sukari wodini, maana kuchomwa kidole hakufunguzi. Mwongozo wa Shirikisho la Kimataifa la Kisukari uko wazi: ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita au ikipita 16.6, fungua papo hapo, hata kama jua limebakiza dakika kumi. Jioni moja ilisoma 3.6. Alitaka kusubiri adhana. Nilimshika mkono, nikampa juisi, akanywa huku machozi yanamtoka. Nilimwambia nitamsaidia kulipa kwa kuchukua zamu yake siku atakayofunga tena, na nilifanya hivyo.

Sasa niseme ambalo wenye kuandaa semina hawalipendi. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo uongozi, baada ya wauguzi kulalamika kuhusu ratiba, ulituletea tangazo la mazoezi ya kupunguza msongo siku ya Ijumaa saa kumi. Ratiba haikuguswa. Aliyetoka zamu ya usiku asubuhi alitarajiwa arudi mazoezini mchana, na usiku aingie tena. Tangazo lile liliniumiza kuliko ratiba yenyewe, kwa sababu lilitwambia tatizo ni sisi. Pendekezo namba 157 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1977, linasema muuguzi anayefanya kazi kwa zamu apate mapumziko ya mfululizo ya angalau saa 12 kati ya zamu na zamu. Hilo kwanza. Baada ya hapo njoo na mkeka. Yoga haiongezi mkunga wa tatu kwenye wodi inayomhitaji, na funga haipaswi kuwa kisingizio cha mtu kunyimwa muda wa kula.

Walio na mamlaka wakishafanya sehemu yao, ndipo hizi pumzi zinapokuwa na nafasi. Kwangu mimi zilinipa mahali pa kuimalizia zamu. Zamani nilikuwa nikivua sare tu, mwili unatoka, wodi inabaki kichwani. Kuna usiku mama alizaa mtoto ambaye hakulia, na kila tulichofanya, barakoa, kifuko cha kupulizia hewa, kusugua mgongo, hakikumrudisha. Nikamvika, nikampa mama amshike kama alivyotaka, nikakaa naye. Nikaandika faili, nikakabidhi zamu. Kisha nikaenda kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, nikakaa viganja juu ya mapaja, nikavuta kwa nne, nikatoa kwa sita. Machozi yalikuja katikati ya hesabu, nikaendelea kuhesabu. Nilipotulia nikamwombea dua yule mama kwa jina lake na mwanawe ambaye hakuwa na jina. Ndipo nikavaa viatu, nikaenda kituoni kupanda mwendokasi. Huzuni niliibeba, ndiyo, na siku kadhaa haikunitoka. Lakini nilipofika nyumbani mwanangu aliponiita niliitika mara ya kwanza.

Benchi hilo tunalitumia wengi sasa. Wengine wanavuta rozari, wengine wanapumua tu. Nyumbani kila mtu ana lake. Mimi nikitoka usiku naweka miguu ukutani kabla ya kuoga, mlango umefungwa, na watoto wanajua.

Ratiba ya Ramadhani tunaiomba kwa inchaji, msimamizi wa wodi, mwanzoni mwa Shaaban, kwa maandishi. Waliofunga wanaachiwa robo saa ya kufuturu kwa awamu, kisibaki kitanda bila mtu, na daku ya zamu ya usiku ina zamu zake vilevile. Wakristo wanatushikia jioni hizo. Sisi tunawashikia Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu na Jumapili ya Pasaka. Kilichobaki ni chumba. Iko stoo moja ya vitanda vibovu mwisho wa korido, ina dirisha na ukuta mmoja mrefu usio na kitu. Tumeomba vitanda viondolewe, sakafu isafishwe, tutaleta mikeka wenyewe. Barua iko kwa katibu wa afya, naye amesema mafundi wakimaliza paa la wodi ya watoto watakuja kuipaka rangi.